Diski ya nje ya kuhamishia video: mambo ya kukagua kabla hujalipa

Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kila saa. Harusi yenye kamera mbili, kila moja ikifanya kazi kwa muda wa saa sita, inakuachia GB 540. Pima diski kwa mzigo wako kama huo, achana na maandishi makubwa ya kwenye boksi.

Diski ya sahani, yaani HDD ndogo ya inchi 2.5, hunakili MB 100 hadi 130 kwa sekunde. GB 540 zitachukua saa moja na robo hivi. SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sahani, inayoandika MB 400 kwa sekunde itamaliza kwa dakika 23. Lakini ukiichomeka SSD hiyohiyo kwenye tundu la USB 2.0, mwendo unashuka hadi MB 35 hivi, na kazi inapita saa nne. Kwa hiyo kagua kwanza kompyuta yako: tundu la USB 3 mara nyingi lina ulimi wa buluu ndani au alama ya SS pembeni. USB-C ni umbo la tundu tu, haikuambii mwendo. Waya nyingi za kuchajia simu zina ncha za USB-C lakini hupitisha data kwa mwendo wa USB 2.0. Tumia waya uliotoka na diski.

Kwa kubeba kila siku na kuhariri video moja kwa moja kutoka kwenye diski, nunua SSD ya TB 1 au 2. Kwa kuhifadhi kazi zilizokwisha, HDD ya TB 4 inatosha na ni nafuu zaidi kwa kila terabaiti. HDD isiguswe wala kuinuliwa ikiwa inazunguka, maana kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, na mtikiso mmoja unaweza kukifanya kikwaruze.

HDD nyingi za siku hizi huandika mistari ya data ikilaliana kama makuti ya paa. Ukibadilisha mstari mmoja, ya jirani nayo lazima iandikwe upya, ndiyo maana diski iliyokaribia kujaa hupunguza mwendo katikati ya kunakili. SSD za bei ya chini nazo hupungua, baada ya sehemu yao ya mwendo kasi kujaa.

Sasa diski bandia, na hapa usiwe na haraka. SSD ya "TB 16" inayouzwa kwa bei ya flashi ni bandia. Ukiifungua, mara nyingi unakuta kadi ndogo ya kumbukumbu (microSD) ya simu imebandikwa kwa gundi, na programu yake imechezewa ili itaje ukubwa wa uongo. Inapokea mafaili bila kulalamika na majina yote unayaona, lakini data iliyozidi ukubwa halisi imepotea.

Nenda dukani na laptopu yenye tundu la USB 3 na faili moja la GB 5. Linakili kwenye diski, kisha soma mwendo baada ya sekunde kumi, kwa sababu mwanzoni Windows huonyesha mwendo wa kumbukumbu ya kompyuta. SSD ya kweli inamaliza kwa sekunde 15 hivi. Ikichukua dakika mbili na zaidi ilhali tundu na waya ni sahihi, irudishe kaunta. Ikikataa kwa kusema faili ni kubwa mno, imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa mafaili usiopokea faili linalozidi GB 4. Hilo si kosa la diski: ifomati upya kuwa exFAT, mpangilio unaoandikika kwenye Windows na Mac. NTFS, mpangilio wa Windows, kwenye Mac husomeka tu.

Kipimo kamili kifanyie nyumbani, diski ikiwa tupu: H2testw kwa Windows, F3 kwa Mac na Linux. Programu hizi hujaza diski yote kisha huisoma tena. HDD ya TB 1 inachukua karibu saa tano. Kwa hiyo kabla hujalipa, kubalianeni na muuzaji siku za kurudisha, na namba ya utambulisho ya diski (serial number) iandikwe kwenye risiti.

Windows ikionyesha GB 931 kwa diski ya TB 1, hujapunjwa. Mtengenezaji anahesabu kwa 1000, Windows kwa 1024.

HDD ikigonga "tik, tik" na kupotea kwenye skrini, jaribu kwanza tundu jingine au waya mfupi: huenda umeme hautoshi. USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu, USB 3 hutoa 900. Ikiendelea kugonga hata hapo, acha kuitumia.

Ukimaliza kunakili, linganisha idadi ya mafaili na jumla ya baiti pande zote mbili, fungua video tatu na uziruke hadi katikati, kisha itoe diski kwa amri ya kompyuta kabla ya kuchomoa waya, kwa kuwa exFAT huharibika kirahisi ikichomolewa inapoandika. Kadi za kamera zifute baada ya kuwa na nakala ya pili kwenye diski nyingine.