Ukiletewa idadi ya Waroma, ikague hivi

Nilikuwa karani wa sensa Kwale mwaka 2019. Swali la kabila ndilo lililowanyamazisha watu mlangoni, hasa Wamakonde, ambao vitambulisho vya Kenya walianza kupewa 2017. Ndiyo maana nikisikia "Slovakia ina Waroma kadha wa kadha" (si watu wa mji wa Roma, bali jamii ya wachache iliyotawanyika Ulaya, ambayo wengine huiita "Gypsy"), huuliza kwanza: nani kauliza, na nani kajibu?

Anza na aliyejibu. Sensa ya Slovakia ya 2011 ilipata Waroma 105,738, yaani waliojitaja wenyewe. Atlasi ya Jamii za Waroma ya 2013 iliwauliza viongozi wa vijiji na wenyeji: hapa mnaowaona kuwa Waroma ni wangapi? Wakafika zaidi ya 400,000. Usitafute wastani, tafadhali. Moja ni jinsi mtu anavyojiita, nyingine ni jinsi majirani wanavyomwita.

Kisha soma dodoso lenyewe. Katika sensa ya 2021 liliongezwa swali la utaifa wa pili, yaani kabila, si uraia: 67,179 walijitaja Waroma kwanza, na wengine 88,985 wakaliweka jina hilo la pili. Safu ya lugha pia usiiruke. Mwaka 2011 watu 122,518 walisema Kiromani ndiyo lugha yao ya mama, wengi kuliko waliojiita Waroma! Hapo mimi hukaa sana.

Wala usikimbilie kusema wanaojificha wanaona aibu. Huko Burgenland, Austria, polisi waliwaorodhesha Waroma kwa picha na alama za vidole tangu miaka ya 1920. Wanazi walipoingia 1938, orodha waliikuta tayari. Na mwaka 2013 iligundulika kuwa polisi wa Skåne, kusini mwa Sweden, walikuwa na daftari la Waroma zaidi ya 4,000, watoto wadogo wakiwemo. Ningekuwa mimi, karani angeondoka na jibu gani?

Halafu angalia idadi hiyo inaamua nini. Slovakia, kundi likifikia asilimia 15 ya wakazi wa kijiji katika sensa mbili mfululizo, lina haki ya kutumia lugha yake katika ofisi za hapo. Wa Atlasi hawahesabiki. Basi ukiandika kuhusu haki ya lugha, shika sensa. Ukiandika kuhusu maji na barabara, shika Atlasi, maana inakwenda makazi kwa makazi. Ufaransa usijisumbue kutafuta ya sensa: hawaulizi kabila, kwa hiyo kila namba utakayopewa ni makadirio, na aliyekadiria ndiye wa kuulizwa.