Rododendroni nyeupe: panda juujuu, usitie majivu

Kwa mwenye bustani Uingereza au Ujerumani anayetaka kichaka cha maua meupe kisichopukutisha majani, aina nzuri ya rododendroni ya kuanzia ni 'Cunningham's White', iliyozalishwa Edinburgh katika karne ya 19. Hustahimili baridi kali, hukua polepole hadi mita 2 hivi, na huchanua mwezi Mei.

Pima udongo kwanza. pH (kipimo cha uchachu: namba ikiwa ndogo, udongo ni chachu zaidi) inayofaa ni kati ya 5 na 6. Aina hii huvumilia kukaribia 7 kuliko rododendroni nyingi. Ikizidi hapo, usihangaike kubadilisha ardhi: panda katika chungu chenye upana wa sentimita 45, kwa mboji maalumu ya mimea ipendayo udongo chachu. Yale mazoea ya kumwagia mimea majivu ya jikoni yaache kabisa hapa, kwa kuwa majivu hupandisha pH kama chokaa. Mboji iliyokwisha kuoteshea uyoga nayo mara nyingi ina chokaa.

Vichaka vingi hufa kwa kuzikwa. Mizizi yake ni nyuzi laini zinazotanda karibu na uso wa ardhi, na zikikosa hewa huoza. Panda Oktoba au Machi, penye kivuli chepesi. Epuka mahali panapopigwa na jua la mapema asubuhi, maana matumba yaliyoganda yakiyeyuka ghafla hugeuka kahawia. Loweka donge la mizizi kwenye ndoo mpaka mapovu yakome. Chimba shimo la upana wa sentimita 80, kina kisizidi kimo cha donge. Chambua kwa vidole mizizi iliyojizungusha, la sivyo itaendelea kuzunguka palepale miaka na miaka. Donge likae sentimita 2 juu ya ardhi; kwenye udongo wa mfinyanzi, inua kwanza tuta la sentimita 25. Usishindilie kwa kisigino. Tandaza magome au majani ya msonobari kwa unene wa sentimita 6, mbali kidogo na shina, na jembe lisipite tena hapo.

Mwagilia maji ya mvua. Birika lako likiota ukoko mweupe, maji ya bomba yana chokaa, na baada ya muda majani machanga yatakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani: mmea umeshindwa kufyonza madini ya chuma. Usiruhusu ukame kuanzia Julai hadi Septemba, kwani ndipo matumba ya maua ya mwaka ujao yanapoundwa.

Maua yakinyauka, vunja kikonyo kwa vidole bila kugusa machipukizi yaliyo chini yake. Kama ni lazima kupogoa, pogoa wakati huohuo. Ukingoja vuli utakata maua ya Mei ijayo. Tumba lililokauka na kuota vinywele vyeusi lina kuvu: liondoe ulichome. Kingo za majani zikiliwa mapengo-mapengo, ni fukusi, na hatari kubwa ni viluwiluwi wake wanaotafuna mizizi. Mwagia nematodi (minyoo wadogo mno) wanaouzwa kwa kazi hiyo Agosti au Septemba, udongo ukiwa bado na joto. Majani kujikunja na kuning'inia wakati wa barafu si ugonjwa; hunyooka baridi ikipungua.

Majani na maua yana sumu. Matawi yaliyokatwa yasitupwe kamwe mahali wanapoweza kufika mbuzi, kondoo au mbwa.