Kodi za gitaa kwenye openi G: anzia hapa kama unaogopa kubadilisha tuni

Wadau wa gitaa, wengi wetu tukisikia kubadilisha tuni (yaani sauti ambayo kila uzi umekazwa kutoa) tunaona kama kodi zote, zile sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, tulizosotea zinaenda na maji. Haziendi. Kwenye openi G, yaani tuni ambayo nyuzi zikipigwa bila kubonyezwa zinatoa kodi ya G, nyuzi tatu za katikati, yaani wa 4, wa 3 na wa 2, haziguswi kabisa, na hizo ndo zinabeba kodi nyingi unazozijua.

Kutuni: toka E A D G B E (kuanzia uzi wa 6 ulio mnene hadi wa 1 ulio mwembamba) unaenda D G D G B D, uzi wa 6, wa 5 na wa 1 kila mmoja sauti yake inashuka freti mbili (freti ni zile nafasi za vichuma vya shingoni). Kama huna app, piga uzi wa 4 na wa 6 pamoja ukishusha wa 6 taratibu, ule mtetemo wa sauti ukitulia umefika, wa 5 linganisha na wa 3 hivyo hivyo, na wa 1 unaupata kwa kubonyeza uzi wa 2 freti ya 3. Shusha kupitiliza kidogo halafu kaza kurudi juu, la sivyo uzi utalegea katikati ya wimbo. Ukimaliza cheki zote upya maana zile ambazo hukuzigusa huwa zinapanda kidogo.

Sasa piga nyuzi wazi bila kubonyeza kitu, hiyo ni G. Laza kidole kimoja juu ya nyuzi freti ya 5 upate C, freti ya 7 upate D, na hapo tayari una kodi tatu za nyimbo kibao za kanisani. Uzi wa 6 usiupige kwenye G na C, Keith Richards wa Rolling Stones yeye aliung'oa kabisa akabaki na nyuzi tano.

Lakini usiishie kulaza kidole tu, utamu wenyewe uko hapa: ukiwa freti ya 5, ongeza uzi wa 2 freti ya 6 na uzi wa 4 freti ya 7, piga, achia, rudia, usipige uzi wa 1, inatoka F inarudi C na mkono haujahama!

Maina (minor, zile kodi zenye sauti ya huzuni, zinaandikwa na m) nayo ipo. Em ni freti ya 2 kwenye uzi wa 6, wa 4 na wa 1, zingine wazi, inajaa vizuri sana. Am weka vidole vile vile ulivyozoea ila piga nyuzi tatu za katikati tu. D ya kawaida pia ni ile ile, isipokuwa uzi wa 1 unaubonyeza freti ya 4 badala ya 2, kwa sababu uzi ulishuka freti mbili kwa hiyo kidole kinapanda mbili, na hesabu hiyo itakusaidia kutafuta kodi nyingine yoyote.

Mwimbaji akitaka A, weka kepo (kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni) freti ya 2. Na ukirudi tuni ya kawaida kaza polepole, hasa uzi wa 1, ndo unaopenda kukatika.