Jinsi ya kumfundisha mwanafunzi asiyeona kwenda Mwaloni peke yake

Nafundisha ujongeaji, yaani kutembea salama bila kutegemea macho, kwa wanafunzi wasioona na wenye uoni hafifu hapa Mwanza. Mwongozo huu ni wa mwalimu au mzazi anayeanza. Nimechagua safari moja tu, kutoka bwenini hadi Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Mtoto hafundishiki kutembea kama hana mahali anapotaka kufika.

Hatua ya 1: Akushike, usimshike

Mwanafunzi akushike juu kidogo ya kiwiko, awe nusu hatua nyuma yako. Ukishuka ngazi, mkono wako unamwambia kabla hujafungua mdomo. Penye wembamba, peleka mkono nyuma ya mgongo naye atajipanga nyuma yako. Siku mbili tatu zinatosha.

Mfundishe pia kujitetea dhidi ya watu wema. Mjini hapa atavutwa mkono na kuvushwa barabara ambayo hakutaka kuvuka. Aseme: "Shikamoo mama, asante, naomba mimi ndiye nikushike." Tuliifanyia mazoezi sentensi hiyo mpaka wapishi wakaikariri.

Hatua ya 2: Fimbo nyeupe

Ikisimamishwa chini, ifike usawa wa chembe ya moyo. Mkono ukae mbele ya kitovu, kidole cha shahada kinyooke juu ya mpini, kinachocheza kiwe kifundo cha mkono tu. Ncha iguse kushoto mguu wa kulia unapokanyaga, kisha kinyume chake, ikipita upana wa mabega kidogo. Wengi hugusa upande uleule wa mguu unaotangulia, na hapo ndipo wanapotumbukia. Piga makofi kumpa mdundo. Usiharakishe hatua hii. Mimi huipa wiki nyingi kuliko zote.

Wenye ualbino huniambia, "Mwalimu, mimi naona." Kweli, saa moja asubuhi anaona. Mtoe saa saba mchana, jua linawaka, umuulize mtaro uko wapi. Kofia pana na fimbo, vyote viwili.

Hatua ya 3: Tenga alama na dalili

Hapa niliwahi kukosea vibaya. Kijana mmoja wa darasa la sita nilimfundisha kila siku saa kumi jioni. Tukifika kwenye njia panda nilimwambia, "Vuta pumzi. Harufu ya dagaa inatoka wapi?" Ananyoosha kidole, tunakwenda, mimi najisifu. Siku ya majaribio tukatoka saa moja asubuhi. Alisimama palepale, akageuza uso huku na huku kama anayetafuta redio, kisha akashika njia ya kurudi mlimani.

Mvuvi yeyote angenionya. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku mpaka asubuhi hugeuka, ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Asubuhi ile harufu yote ya dagaa ilikuwa inaelekea majini.

Tangu hapo nagawa mambo mafungu mawili. Alama haihami: mteremko wa kushukia ziwani, jabali linalobana njia, mahali lami inapoishia, ukingo wa mtaro. Dalili huja na kuondoka: harufu, muziki wa kinyozi, mama anayekaanga samaki. Kona ipinde kwa alama. Dalili iwe ya kukutia moyo tu. Mtaro ulio wazi watu wanauogopa, mimi naupenda. Ncha ya fimbo ikitelezea ukingoni mwake, mwanafunzi ana mstari wa kufuata. Lakini ukague kwanza mwenyewe, maana mifuniko huibwa.

Hatua ya 4: Kuvuka na kupanda daladala

Tunaendesha kushoto, kwa hiyo hatari ya kwanza hutoka kulia kwake. Asimame, asikilize magari mpaka yaishe, kisha asubiri pumzi mbili zaidi kwa ajili ya bodaboda, ambayo hutoka popote. Mvua ikipiga mabati asivuke peke yake: masikio yamezibwa.

Konda asiulizwe "Inaenda Nyegezi?" Atajibu "Panda, panda!" hata kama gari linakwenda Igoma. Aulize "Hii inaenda wapi?" Nauli iwe mkononi tayari, noti zetu hutofautiana kwa ukubwa, azizoee bwenini.

Hatua ya 5: Kaa kimya

Mfuate kwa mbali, kwanza hatua tano, baadaye ishirini. Akipotea, hesabu hadi mia kabla ya kusema neno. Kwenye mtaro au gari, usihesabu chochote, piga kelele.

Yule kijana tulirudia asubuhi kwa mteremko na mtaro. Safari ya nne alifika, akanunua fungu la dagaa, akahesabu chenji kwa vidole, akarudi. Nilikuwa nyuma yake njia nzima, nikijiona nimejificha. Getini akasema bila kugeuka, "Mwalimu, ndala zako zinapiga kelele."

Siku hizi navaa raba.