Kusoma usimamizi wa maafa na bima ya mafuriko Marekani: anza na anwani moja

Wengi wanaoingia kwenye somo hili huanza kwa kukusanya vyeti. Kozi za mtandaoni za FEMA, shirika la serikali kuu ya Marekani linaloshughulikia maafa, ni za bure, nyingi humalizika kwa saa chache, na mtihani wake ni wa kuchagua jibu. Mtu anafikisha vyeti kumi, lakini ukimwekea ramani ya mafuriko mezani hajui nyumba yake iko kanda gani, na ukimpa hati ya bima hajui inaanza kufanya kazi siku gani. Dawa ni kuchagua anwani moja, ikiwezekana unapoishi, na kila somo limalizikie hapo.

Kozi za mwanzo

Kwanza jisajili upate namba ya mwanafunzi ya FEMA. Itunze, na jina uandike kama lilivyo kwenye kitambulisho chako. Kisha fanya kozi za IS-100 na IS-700, halafu IS-200 na IS-800 (IS ni alama ya kozi hizi za mtandaoni za kujisomea). Alama ya kufaulu ni 75%.

IS-100 inafundisha ICS, yaani mfumo wa kuongoza tukio. Ulizaliwa California baada ya moto wa nyika wa mwaka 1970 kuonyesha kwamba vikosi vya idara tofauti havielewani: kila kimoja na redio zake, kila kimoja na majina yake ya vyeo na vifaa, na hakuna anayejua nani mkubwa wa nani. Majukumu ni matano: uongozi, operesheni, mipango, ugavi, na fedha na utawala. Kiongozi mmoja asimamie watu 3 hadi 7, na 5 ndiyo idadi nzuri.

Kosa la wanafunzi ni kudhani kila kisanduku kwenye mchoro ni mtu. Kisanduku ni kazi. Tukio dogo, mtu mmoja anazibeba zote tano; likikua, anagawa. Chora mchoro huo kwa jengo lako: nani anazima umeme, nani anahesabu watu, nani anaandika gharama. Hiyo ya mwisho husahauliwa, na ndiyo utakayoililia wakati wa kudai fidia.

Mpango

Mwongozo wa FEMA wa kuandika mipango, CPG 101, una hatua 6: unda timu, elewa hali, weka malengo, tengeneza mpango, uandike na kuupitisha, kisha utekeleze na kuuhuisha. Karibu kila anayeanza huruka moja kwa moja hadi ya nne. Ndipo unapoona mpango mzuri wenye njia ya kutokea inayopita kwenye bonde lilelile linalojaa maji kwanza.

Pita njia yako yote kabla ya mvua, utie alama sehemu ya chini kabisa. Maji ya kasi yenye kina cha inchi 6 yanaweza kumwangusha mtu mzima, inchi 12 hubeba magari mengi madogo, na futi 2 huondoka na magari makubwa ya familia. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni njia ipi haishuki hata mara moja, hata kama ni ndefu. Maji ya kunywa na usafi hesabu galoni moja, karibu lita 3.8, kwa kila mtu kwa siku.

Ukimaliza kuandika, fanya zoezi la mezani. Saa moja inatosha. Msimamizi anatoa habari moja baada ya nyingine: mto umepanda, umeme umekatika, mtu wa kuendesha gari hayupo. Zoezi ambalo halikuvunja chochote kwenye mpango limefanywa kwa upole mno.

Ramani

Fungua tovuti ya ramani za mafuriko ya FEMA, andika anwani. Kanda zinazoanza na A au V ndizo za hatari kubwa; V ni za pwani, ambako mawimbi nayo yanagonga. X ni hatari ya wastani au ndogo, si kwamba hakuna hatari.

Kanda A na V zina uwezekano wa mafuriko wa angalau 1% kila mwaka. Watu huyaita mafuriko ya miaka 100, jina linalopotosha, maana wengi wanasikia kwamba yakija leo hayarudi hadi karne ipite. Fanya hesabu mwenyewe: uwezekano wa kupona mwaka mmoja ni 0.99. Zidisha 0.99 kwa yenyewe mara 30, muda wa kawaida wa mkopo wa nyumba, unapata kama 0.74. Yaani uwezekano wa kufikiwa na maji angalau mara moja ndani ya mkopo ni 26%.

Angalia pia mwaka wa kitabu unachosomea. Tangu Oktoba 2021 mpango wa taifa wa bima ya mafuriko, NFIP, haukokotoi tena ada kwa kutegemea kanda. Sasa unatazama umbali kutoka majini, mwinuko, aina ya mafuriko na gharama ya kujenga upya. Kanda imebaki na kazi ya kuamua kama mkopeshaji atakulazimisha kukata bima.

Hati ya bima

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Anza na ukurasa wa tafsiri ya maneno. Mafuriko, kwa lugha ya NFIP, ni maji kufunika ardhi ambayo kwa kawaida ni kavu, ekari 2 au zaidi, au mali 2 au zaidi, mojawapo ikiwa yako. Bomba lililopasuka jikoni halimo.

Neno la pili ni chumba cha chini ya ardhi: sehemu ambayo sakafu yake iko chini ya usawa wa ardhi pande zote. Pande zote, si tatu. Nyumba ya kwenye mteremko ambayo ghorofa yake ya chini inatokea nyuma sawa na uwanja, kwa tafsiri hiyo haina chumba cha chini ya ardhi. Tofauti ni kubwa: ndani ya chumba cha chini hulipwa vitu vichache tu, kama tanuri la kupasha nyumba joto, hita ya maji, mashine ya kufulia na friza. Sofa, zulia na televisheni havimo.

Viwango vya juu kwa nyumba ya familia moja ni dola 250,000 kwa jengo na dola 100,000 kwa vilivyomo. Ni bima mbili, kila moja na kiasi chake cha kujibebea, yaani sehemu ya hasara unayolipa mwenyewe. Vilivyomo hulipwa baada ya kukata uchakavu. Jengo la makazi yako makuu hulipwa bei ya kujenga upya ikiwa bima yako inafika 80% ya bei hiyo au kiwango cha juu kabisa.

Chukua nyumba ya dola 300,000 iliyokatiwa bima ya 200,000. 80% ni 240,000, kwa hiyo imepungua. Hasara ya 60,000, tukiacha kando kiasi cha kujibebea, inazidishwa kwa 200/240: unapata 50,000, au thamani baada ya uchakavu kama hiyo ndiyo kubwa zaidi.

Sasa muda. Bima mpya kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30, kwa hiyo kukata bima kimbunga kikishaonekana kwenye taarifa ni kuchelewa. Isipokuwa ile inayohitajika kwa ajili ya mkopo: hiyo haingoji. Baada ya hasara una siku 60 kuwasilisha taarifa ya hasara iliyotiwa saini. Mthamini wa hasara anayetumwa na bima akikusaidia kuijaza ni hisani yake. Mwenye wajibu ni wewe. Piga picha, kata kipande cha zulia ukihifadhi, kisha toa vyenye maji haraka, maana ukungu unaweza kuota ndani ya saa 24 hadi 48.

Jengo likiharibika hadi gharama ya kulitengeneza ifikie 50% ya thamani yake sokoni, na liko kwenye kanda ya hatari, mji utataka lifuate kanuni za sasa, mara nyingi kwa kuliinua. Bima ina nyongeza ya hadi dola 30,000 kwa hilo, lakini jumla na malipo ya jengo haivuki 250,000.

Vyeti vya IS havikuruhusu kuuza bima; leseni hiyo hutolewa na jimbo.