Mmeungana kufanya biashara, TIN mtumie ya nani?

Hili swali washkaji wananiuliza sana: mimi na mwenzangu tumechanga mtaji tunafungua duka, yeye TIN (namba ya mlipakodi) anayo, si tutumie tu hiyo ya kwake? Msifanye hivyo jamani. Naongelea Tanzania Bara hapa.

Kwanza ujue ubia hausubiri karatasi. Sheria ya Mikataba kifungu cha 190 inasema watu wakikubaliana kuunganisha mali, nguvu au ujuzi kwenye biashara na wakagawana faida, hao ni wabia. Hata kama mlikubaliana kwa mdomo mko kwenye daladala. Ila fundi unayempa kamisheni sio mbia wako, na aliyekukopesha mtaji anasubiri hela yake na riba, huyo naye sio.

Sasa mkishakuwa wabia, ubia unatakiwa uwe na TIN yake, mbali na TIN zenu, na sheria inataka muombe ndani ya siku 15 tangu mmeanza biashara. Kiukweli mtaihitaji hata kabla ya hapo, maana leseni ya biashara bila TIN hupati, benki nao wakifungua akaunti ya biashara wanaiuliza, na mashine ya EFD (ile ya kutoa risiti) inasajiliwa kwa TIN.

Mimi yalinikuta. Tulipanga fremu na rafiki yangu, kila kitu kikawa jina langu, mkataba wa pango, EFD, TIN, kwa sababu tulikuwa na haraka ya kuwahi sikukuu. Mauzo yote yakawa yanasomeka kwangu. Faida tumegawana nusu kwa nusu vizuri kabisa, kodi ilivyokuja namuambia mwenzangu tuchangie ananijibu "sasa si jina lako hilo". Sikuwa na karatasi hata moja ya kumuonyesha.

Kwahiyo fanyeni hivi. Kila mbia awe na TIN yake binafsi kwanza, unaomba kwa namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa). Kuwa makini hapa, kama TIN yako uliipata kwa ajili ya leseni ya udereva inawezekana ni ile isiyo ya biashara, nenda TRA (mamlaka ya mapato) ukaibadilishe, usiombe ya pili maana mtu mmoja ni TIN moja. Halafu andikeni mkataba wa ubia, na msi-copy tu wa mtu mwingine, andikeni nani kaweka shilingi ngapi, faida mnagawanaje, hasara je, na mmoja akitaka kutoka inakuwaje (hapo ndio watu wanaona aibu kuongea, na hapo ndio wanagombania). Kama mnatumia jina la biashara ambalo sio majina yenu halisi, lisajilini BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kwa mtandao. Baada ya hapo ndio TRA: cheti cha BRELA, mkataba wa ubia, TIN za wabia wote, mkataba wa pango na barua ya serikali ya mtaa. TIN ni bure, namba 9, anayekudai hela ya TIN huyo ni kishoka.

Watu wengi wanaogopa wanadhani watalipa kodi mara mbili, ubia ulipe na wao walipe. Hapana. Kodi ya mapato ubia wenyewe haulipi, faida inagawanywa kwa wabia na kila mtu anakatwa kwenye fungu lake. Mfano faida milioni 30, mna 60 kwa 40, wewe unahesabiwa milioni 18 na mwenzako 12, hata kama hela bado iko dukani hamjaitoa. Ritani ya ubia (taarifa ya mapato ya mwaka) lakini lazima ipelekwe TRA. Na PAYE ya wafanyakazi (kodi inayokatwa kwenye mshahara), zuio la 10% kwenye kodi ya pango (mnalikata kwenye hela ya mwenye fremu mnalipeleka TRA), na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kama mauzo ya mwaka yanavuka milioni 200, hivyo vyote vinapita kwenye TIN ya ubia.

Mbia akitoka au akiongezeka, peleka taarifa BRELA na TRA. Mkigeuka kuwa kampuni, kampuni inachukua TIN mpya kabisa, ile ya ubia mwandikieni meneja wa TRA wa mkoa wenu aifunge, msiiache hivi hivi maana ritani zake zitaendelea kudaiwa na faini juu.