Jinsi ya Kupamba Leso kwa Lesi ya Sindano ya Kiarmenia

Katika Kiarmenia lesi huitwa janyak, na aina ninayoieleza hapa hutengenezwa kwa sindano ya kawaida ya kushonea na uzi, bila kroshia wala fremu. Kila kitanzi hufungwa kwa fundo lake, kwa hiyo uzi ukikatika mahali pamoja, kazi nzima haifumuki. Sifa hiyo ndiyo iliyonifanya niipende, na ndiyo pia inayoifanya iwe ngumu kwa anayeanza, kwa maana fundo lililokazwa vibaya halivutwi likaachia. Mafundi wa Uturuki na Ugiriki nao wanalijua fundo hili. Kwa Waarmenia lina uzito wa pekee, kwa kuwa wanawake na mabinti yatima walionusurika mauaji ya halaiki yaliyoanza mwaka 1915 na kufika Aleppo na Beirut walijipatia riziki kwa kazi za sindano kama hizi.

Tafuta leso ya pamba ya mraba, yenye upande wa sentimita 30, ambayo pindo lake limeshonwa vizuri na kupigwa pasi. Uzi uwe wa pamba, uliosokotwa kwa nguvu, mweupe au wa rangi ya maziwa. Anayejifunza achukue uzi mnene kidogo, hata kama lesi haitakuwa laini, kwa sababu jicho linahitaji kuliona fundo kabla kidole hakijalizoea. Kata uzi wa nusu mita hivi. Uzi mrefu hujisokota na kujifunga wenyewe.

Fundo lenyewe hufanywa hivi. Ukitoka kushoto kwenda kulia, ingiza sindano kwenye ukingo wa pindo na uisimamishe ikiwa imepita nusu. Shika pamoja nyuzi mbili zilizo karibu na tundu la sindano, yaani ule unaotoka kwenye fundo lililotangulia na ule mkia unaoning'inia, uzizungushe mara moja chini ya ncha ya sindano, kisha uivute sindano kuelekea juu, mbali na kitambaa. Kabla fundo halijakaza, bana kitanzi kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto ili kibaki na ukubwa unaoutaka, ndipo ulikaze kwa mvuto mmoja imara. Ukivuta kwa kusitasita, fundo hukwama njiani na kuacha uzi uliolegea. Ninashauri ufunge mafundo hamsini kwenye kipande cha kitambaa kisicho na kazi kabla ya kuigusa leso.

Safu ya kwanza huzunguka leso yote. Vitanzi vya milimita tatu vitakupa 100 kila upande, idadi inayogawanyika kwa tano, na hilo ni muhimu kwa sababu kila pembetatu husimama juu ya vitanzi vitano. Leso yangu ya kwanza niliianza bila kuhesabu, nikajikuta nimebakiwa na vitanzi vitatu kwenye kona, nami sikuwa na njia ila kukata safu nzima kwa mkasi.

Safu hiyo ikiisha, anza pembetatu. Urudishe uzi moja kwa moja kutoka kitanzi cha tano hadi cha kwanza, ukiwa umenyooka bila kuvuta kitambaa, kisha funga fundo moja ndani ya kila kitanzi huku mafundo yakiubana pia uzi huo ulionyooka. Mafundo matano huzaa vitanzi vinne kati yao. Rudia vivyo hivyo, upate vitatu, viwili, hatimaye kimoja, na ukifunge hicho cha mwisho ili kiwe kilele. Kutoka hapo shuka kwa upande wa kulia, fundo moja kwenye ncha ya kila safu, mpaka ufike kwenye msingi, ambapo pembetatu ya pili huanzia kitanzi cha sita. Kila upande wa leso utakuwa na pembetatu ishirini. Uzi ukikaribia kuisha, malizia kwenye msingi, kamwe si kwenye kilele, kwani mkia hufichika vizuri ndani ya pindo.

Vitambaa vya mviringo vya mezani hutumia fundo lile lile, ila huanza na pete ndogo ya uzi katikati.

Kazi ikikamilika, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, uitandaze juu ya taulo, na uchome pini kwenye kilele cha kila pembetatu ukiivuta kidogo tu ili isimame wima. Ukitaka iwe ngumu, ichovye kwanza katika wanga mwepesi. Iache ikauke kabisa kabla ya kutoa pini, kisha kata mikia ya nyuzi upande wa nyuma.